Kreti Nne, Kreti Nane

Mtu mzima hakatai kucheza. Anachokataa ni kuchezewa. Kati ya kitenzi hicho na kauli yake ya kutendewa ndipo lilipo swali zima la michezo inayoingizwa siku hizi kwenye mafunzo ya kazini, na ndipo ninapotaka tukae kwa muda.

Kama umewahi kuajiriwa, au hata kujitolea kwenye shirika kwa miezi mitatu, ratiba unaijua. Asubuhi ni utambulisho na matarajio ya washiriki, yanayoandikwa kwenye karatasi kubwa na kubandikwa ukutani. Saa nne chai. Baada ya chakula cha mchana, macho yanapoanza kuwa mazito, mwezeshaji anawasimamisha wote: ruka kushoto, ruka kulia, mpe jirani yako jina la tunda. Kisha inakuja chemshabongo ya kwenye simu, yenye muziki wa kuhesabu sekunde na majina ya washindi watatu juu ya skrini. Na siku hizi mafunzo hayaishii ukumbini. Yanakufuata hadi nyumbani ndani ya programu ya simu inayokupa pointi, beji, na nafasi yako kati ya wenzako.

Hoja ya waandaaji ni kwamba watu walikuwa wanachoka, sasa wanachangamka. Sina ugomvi nayo. Semina nyingi zinachosha kweli, na slaidi yenye maneno mia mbili ni adhabu. Lakini kuchangamka ni kipimo kidogo mno. Hata anayefukuzwa na mbwa amechangamka. Napendekeza tuisome michezo hii kama tunavyosoma hadithi au tamthilia. Tuulize inasema nini juu ya dunia, nani amepewa sauti, na mambo yanapoharibika nani anaonekana kuwa mkosaji. Hilo la mwisho ndilo ninaloliona zito kuliko yote, kwa sababu mshiriki anarudi nalo kazini Jumatatu.

Michezo ya kuwafunza watu wazima kazi ina umri mrefu kuliko simu zetu. Mwaka 1824 ofisa kijana wa Prussia, Georg von Reisswitz, aliwaonyesha wakuu wa jeshi mchezo ulioitwa Kriegsspiel, wenye ramani, vipande vya kuwakilisha vikosi, dadu na mwamuzi. Ukaanza kutumika kuwafunza maofisa. Mwaka 1932, huko Leningrad, Mary Birshtein alitunga mchezo wa kuwaandaa mameneja wa kiwanda cha mashine za kuandikia. Kufikia 1957 American Management Association ya Marekani ilikuwa na mchezo wa kompyuta wa kuwazoeza wakurugenzi kufanya maamuzi ya biashara. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo uliotungwa ili washiriki wasisinzie. Ilitungwa kwa sababu yapo makosa ambayo ukiyafanya kweli yanaua watu au yanafilisi kiwanda, na ni heri yafanyike mezani kwanza.

Mrithi wa ukoo huo ninayempenda zaidi, na nitakayemlaumu pia, ni mchezo wa kusambaza bia uliozaliwa MIT, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika kundi la Jay Forrester. Umeshachezwa na wanafunzi, mameneja na watumishi wa serikali katika nchi nyingi, na Peter Senge aliupa umaarufu zaidi alipouelezea kwa kirefu katika kitabu chake The Fifth Discipline cha mwaka 1990.

Kanuni zake ni chache. Watu wanne wanakaa kwenye meza ndefu kwa mstari: muuza rejareja, muuza jumla, msambazaji na kiwanda. Kila wiki ya mchezo unapokea oda kutoka kwa aliye mbele yako, unampa kreti ulizonazo, halafu unaandika kwenye kikaratasi idadi unayotaka kutoka kwa aliye nyuma yako. Kikaratasi kinachukua muda kufika, na mzigo unachukua muda kurudi. Kwa wengi wao wiki nne hivi zinapita kati ya kuagiza na kupokea. Kila kreti inayolala stoo kwako inakugharimu nusu dola kwa wiki. Kila kreti unayodaiwa na hujaitoa inakugharimu dola moja. Anayemwona mteja ni muuza rejareja peke yake, kupitia kadi zilizofunikwa anazofunua moja moja. Na ni marufuku kuzungumza.

Sasa mteja. Wiki za mwanzo anataka kreti nne. Kisha, ghafla, anataka nane. Baada ya hapo anaendelea kutaka nane, wiki baada ya wiki, hadi mchezo unaisha. Msukosuko wote wa upande wa mteja ni huo mmoja.

Ungedhani mambo yatatulia haraka. Muuza rejareja anaona nane, stoo inapungua, anaagiza zaidi. Mzigo hauji. Wiki inayofuata anaagiza zaidi tena, kwa hofu. Muuza jumla haoni mteja. Anachoona ni oda zinazopanda, naye anaongeza za kwake juu ya hizo. Msambazaji vivyo hivyo. Zinapofika kiwandani zimekuwa mafuriko. Kiwanda kinazalisha kwa nguvu zote, na wiki kadhaa baadaye kreti zinaanza kushuka kwenye meza kama mvua ya masika, kwa watu ambao hawazihitaji tena. Oda zinaanguka hadi sifuri. Mwaka 1989 John Sterman wa MIT alichapisha uchambuzi wa matokeo ya michezo kadhaa: kwa wastani timu zilitumia gharama mara kumi ya kile ambacho kingewezekana.

Uzuri wa mchezo huu uko mwishoni. Mwezeshaji anawaambia wote, isipokuwa wauza rejareja, wachore mteja alikuwa anataka kreti ngapi kila wiki. Watu wanachora milima na mabonde. Wana hakika kwamba huko mbele kulikuwa na mteja mwenye wazimu, leo anataka hamsini, kesho hataki kitu. Kisha kadi zinafunuliwa: nne, nne, nne, nne, nane, nane, nane, nane. Ukumbi unanyamaza. Kwa wiki zaidi ya thelathini umemchukia mtu ambaye hakuwepo, na jirani uliyekuwa ukimkazia macho alikuwa akifanya kilekile ulichokuwa ukifanya wewe. Nausoma mchezo huu kama hadithi ya upelelezi ambayo kurasa za mwisho zinagundua kwamba hakuna wa kukamatwa.

Msomaji wa Tanzania hahitaji bia ili kuielewa hadithi hiyo. Sukari ilipoadimika mwanzoni mwa 2024 na bei ikapaa, maneno ya kwanza dukani yalikuwa yaleyale ya siku zote: kuna watu wameificha. Wakati mwingine ni kweli wapo. Lakini kila aliyezoea kununua kilo moja akinunua tatu kwa sababu ya tetesi, na kila mwenye duka akiagiza mifuko kumi badala ya minne kwa sababu ya wateja hao, rafu zinaweza kubaki tupu hata kama hakuna aliyeficha kitu. Mchezo wa MIT unakufanya uamini jambo hilo kwa tumbo. Kulisikia kwenye mhadhara, unatikisa kichwa tu na kwenda kunywa chai.

Niliucheza katika mafunzo ya siku mbili ya mwajiri niliyekuwa naye wakati huo, kampuni ya kusambaza bidhaa. Mwezeshaji alibadilisha bia kuwa soda, maana baadhi ya wenzetu hawakutaka kushughulika na pombe hata ya karatasi. Mimi nilikuwa msambazaji. Kiwanda alikuwa mtunza ghala wetu, mama aliyekaribia kustaafu, ambaye kampuni nzima ilimwita Mama bila kuongeza jina. Kuanzia wiki ya kumi na mbili timu yetu ilikuwa inamkodolea macho. Kadi zilipofunuliwa watu waliangua kicheko, kile kicheko cha ahueni. Yeye hakucheka. Alinyoosha mkono.

"Mwanangu, nani alitukataza kuongea?"

"Hiyo ndiyo kanuni ya mchezo, Mama," mwezeshaji alijibu.

"Kanuni nimeielewa. Nauliza nani aliiweka."

Mwezeshaji alitabasamu, akasema ni swali zuri, akaangalia saa. Tukaenda kula.

Nadhani lile ndilo lilikuwa swali bora la siku zote mbili, na mchezo haukuwa na mahali pa kuliweka. Kwetu pale, tawi halikuruhusiwa kupiga simu ghalani. Ombi la mzigo lilijazwa kwenye fomu, likasainiwa na watu wawili, likasafiri. Mama alikuwa amekitambua kiti chake halisi kwenye meza ile. Alikuwa amekikalia kwa miaka mingi, akilaumiwa kwa mizigo iliyochelewa na kwa mizigo iliyozidi, na kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amemchorea picha ya jinsi anavyoweza kuonekana mzembe bila kuwa mzembe. Alichotaka kujua ni nani aliichora meza.

Ili kuona uzito wa swali lake, nilinganishe na mchezo mwingine tunaoujua sote. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na hakuna kilichofichwa. Kete zako nazihesabu, zangu unazihesabu, hakuna dadu, hakuna barua inayochelewa njiani. Watu wa barazani wamezunguka, wanaona kila ulichokiona. Ukifungwa, umefungwa wewe, na ndiyo maana utani wa watazamaji ni wa haki: kila mmoja anaweza kukuonyesha shimo ulilopaswa kuanzia. Kufungwa kwenye bao ni habari kuhusu mchezaji. Kushindwa kwenye mchezo wa kreti ni habari kuhusu meza.

Kazi nyingi za ajira zinafanana na kreti. Unategemea mzigo usiouona, uamuzi wa mtu usiyemjua, mashine iliyonunuliwa kabla hujaajiriwa. Ila anapokuja mtaalamu wa kuchangamsha wafanyakazi, kitu cha kwanza anachotundika ni ubao wa majina, nani wa kwanza na nani wa mwisho. Ubao huo unaichukulia kazi kana kwamba ni bao: kila kitu wazi, kila matokeo mali ya mchezaji.

Mfano unaosimuliwa sana ni wa vyumba vya kufulia vya hoteli za Disneyland, Anaheim, California. Mwaka 2011 gazeti la Los Angeles Times liliripoti kuhusu skrini zilizowekwa humo, zikionyesha majina ya wafanyakazi na kasi ya kila mmoja, kwa rangi, mbele ya wote. Kwa sura ni mchezo: kuna alama, kuna nafasi, kuna anayeongoza. Wafanyakazi waliupa jina lao wenyewe, mjeledi wa umeme. Walieleza kwamba wapo walioacha hata kwenda msalani ili namba isishuke. Mashuka yaliyochafuka zaidi ya mengine, mashine yenye hitilafu, mwenzako aliyeumwa leo, hayo hayana rangi kwenye skrini. Jina lina rangi.

Utaniambia hiyo ni kazi yenyewe, haihusu mafunzo. Mpaka huo umekuwa mwembamba mno. Miezi michache baada ya soda zetu za karatasi, mwajiri wangu yuleyule alileta programu ya simu ya kujifunzia: maswali matano kila siku, pointi kwa anayejibu haraka, na kila Ijumaa orodha ya vinara kwenye kundi la WhatsApp. Vijana wa mauzo, wenye vifurushi vya intaneti vinavyolipiwa na ofisi, walishika nafasi za juu. Mama wa ghala alikuwa mkiani wiki tano mfululizo. Maswali mengi yalihusu utunzaji wa mizigo, na hakuna mtu katika jengo lile aliyejua mizigo kama yeye. Alikuwa anafungua simu saa tatu usiku baada ya kufika nyumbani, na programu ilikuwa inatoza kasi. Wiki ya sita alijitoa kwenye kundi. Kwenye ripoti ya mafunzo aliandikwa kuwa ana ushiriki mdogo.

Hapo kuna jambo zaidi ya uonevu kwa mtu mmoja. Mwanasosholojia Michael Burawoy alifanya kazi ya kuendesha mashine kiwandani, katika eneo la Chicago, mwaka 1974 na 1975, akaandika kitabu kiitwacho Manufacturing Consent, kilichotoka 1979. Aliona kwamba wafanyakazi wenyewe waligeuza kiwango cha uzalishaji kuwa mchezo: nitakifikia leo au sitakifikia? Mchezo ule uliwapunguzia uchovu, ukawapa hadhi mbele ya wenzao. Lakini hoja yake inayouma ni kwamba ukishaingia kwenye mchezo, unaacha kuzihoji kanuni zake. Unabishana juu ya nani alipata ngapi. Sisi kwenye kundi la WhatsApp tulibishana kwa wiki kadhaa kama swali la nne la Jumatano lilikuwa na majibu mawili sahihi. Sikumbuki hata mara moja tukijadili fomu yenye saini mbili.

Sitaki kutupa pointi zote baharini. Yapo mambo ambayo ni ya kichwa chako peke yako: namba ya dharura, hatua za kutumia kizimamoto, majina ya dawa mbili zinazofanana ambazo muuguzi hapaswi kuzichanganya. Hapo hakuna mzigo uliofichwa njiani. Unajua au hujui, na kushindana kidogo na mwenzako kunaweza kukuingizia kichwani kitu ambacho mabango matatu hayakukiingiza. Mambo hayo yana tabia ya bao, na kuyachezea mchezo wa kuhesabu alama ni halali. Tatizo linaanza pale alama hizohizo zinapopelekwa kwenye mambo yenye tabia ya kreti, halafu tunaita matokeo yake utendaji wa mtu.

Kwa hiyo nikiulizwa nichague, nachagua mchezo wa MIT kuliko ubao wa majina, tena bila kusita. Mmoja unanifundisha kwamba jirani yangu huenda si mjinga. Mwingine unanifundisha kumtazama jirani kama namba iliyo chini yangu. Lakini niliahidi lawama, na lawama yangu ni hii. Mchezo wa kreti unasamehe watu wote kwa mkupuo. Ukishasema "muundo ndio wenye kosa", kila mtu anapumua, akiwemo yule aliyeujenga muundo. Mezani kuna viti vinne, na hakuna kiti cha aliyeamua kwamba watu wasizungumze. Kanuni inaonekana kama hali ya hewa, kitu kilichokuwepo tu. Ofisini, marufuku ya kupiga simu ghalani ina tarehe na ina saini. Meneja anayewapeleka watu wake kucheza mchezo huu anaweza kurudi akiwaambia wafikiri kwa upana zaidi, na fomu ikabaki palepale na saini zake mbili.

Wapo wawezeshaji wanaotoa raundi ya pili, wakaruhusu mazungumzo, ili washiriki waone tofauti. Ni hatua nzuri, ila bado ni mwezeshaji anayeamua kipi kilegezwe. Ningependa raundi ya pili ianze kwa kuwakabidhi wachezaji karatasi ya kanuni na kalamu. Wachague kanuni moja ya kubadilisha, wabishane, wapige kura, wacheze tena. Wengine watafungua mazungumzo. Wengine watafupisha safari ya oda. Wengine, nina hakika, watataka muuza rejareja aweke kadi zake hadharani, kama kete. Kisha watoe karatasi ya pili, yenye kanuni za ofisi yao wenyewe, wafanye vivyo hivyo.

Hilo linaongeza saa mbili hivi kwenye ratiba, na linaondoa kichangamsho cha baada ya chakula, ambacho hakuna atakayekililia. Linahitaji pia jambo moja ambalo semina nyingi hazina: mwenye mamlaka ya kubadilisha kanuni awepo ukumbini hadi mwisho, asiwe amefungua mafunzo asubuhi kwa hotuba fupi na kuondoka kwa majukumu mengine. Akae kwenye kiti cha kiwanda kwa wiki thelathini na sita, akodolewe macho. Halafu mtunza ghala wake anyooshe mkono na kumuuliza.